Pambano la Kugombea Kushindwa

Saa moja kabla ya pambano la ngumi, mateke na mieleka, mabingwa wote wawili walipanda mizani na wote wawili wakazidi uzito. Wakaondolewa. Mwandaaji mwingine angeketi chini alie, lakini Mdomo Asali, mtu ambaye hajawahi kulipa nauli wala kukosa usafiri, alitabasamu. Aliona mlango umefunguka.

Mlangoni alimkuta mbeba makochi, kifua kama kabati, akamvuta pembeni.

"Utapigana badala ya bingwa wangu. Ukiguswa tu, anguka, upige sakafu kwa kiganja. Ndiyo kusalimu amri."

"Nisirushe hata ngumi moja?"

"Ndugu yangu, kochi limewahi kumpiga nani?"

Kisha akamwendea Kipara, mwandaaji wa upande wa pili, ambaye naye alikuwa ametoka kunong'ona na kinyozi wa jirani.

"Kinyozi wako ni hatari," alisema Mdomo Asali kwa unyenyekevu. "Naweka pikipiki yangu kwamba atashinda."

Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha kila ujanja ulipogoma. Hakuwa na kingine duniani.

"Wapi! Wako ndiye hatari," alijibu Kipara. "Naweka friji yangu ya soda ile pale nje, mbeba makochi atashinda."

Wakakumbatiana, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa ujinga. Dau wakamkabidhi Shangazi yake Mdomo Asali, mpishi wa kambi ya wapiganaji.

"Na wakitoka sare?" aliuliza Shangazi akipokea funguo.

Wakacheka. "Sare iwe yako, Shangazi!"

Kengele ikalia. Kinyozi aliinua mkono kusalimia. Mbeba makochi akaanguka mzima mzima, ukumbi ukatikisika. Kinyozi kuona vile, naye akajibwaga, akaanza kupiga sakafu kwa viganja vyote.

"Nimeshindwa!"

"Mwongo! Mimi nimeshindwa kwanza!" alifoka mbeba makochi.

"Wewe umepigwa na nani?" aliuliza mwamuzi.

"Na huyu!"

"Sijamgusa!" alilia kinyozi. "Mimi ndiye niliyepigwa. Na upepo wake!"

"Lala vizuri wewe!" alipiga kelele Mdomo Asali kutoka pembeni, akasahau kwamba kuna watu. Watu walikuwa wakicheka hadi machozi. Hawajapata kuona pambano tamu namna ile. Mwamuzi alijaribu kuwasimamisha wale mashujaa, wakakataa katakata. Mwisho akachuchumaa katikati yao, akainua mkono wa kila mmoja. Sare.

Nje, Shangazi alikuwa ameshaifunga friji kwa kamba nyuma ya pikipiki.

"Shangazi, hii imekuwaje?" Sauti ya Mdomo Asali ilikuwa imekwisha asali.

"Wale mabingwa walijinyima chakula tangu jana ili mizani iwakubali. Mpishi ni mimi, nikawaonea huruma asubuhi, nikawashibisha."

"Huruma!"

"Nilikuwa nahitaji friji, baba. Na nyie wawili nawajua. Mkipewa mtu mpya, hamtamfundisha kupigana, mtamfundisha kulala."

Mdomo Asali aliushika usukani wa pikipiki.

"Sasa pikipiki ya nini, Shangazi? Hata kuendesha hujui!"

"Ndiyo maana nina wewe." Akamtupia funguo. "Panda, unipelekee mzigo nyumbani. Na uende taratibu, mwanangu. Pikipiki ya watu hiyo."