Malalamiko Dhidi ya Mtani Aliyechungulia Kifundo cha Mpwa Wangu

Navatulevu,
Alhamisi.

Kwa Daktari wa Mashindano ya Raga ya Vijana,
Suva.

Mheshimiwa Daktari,

Pokea salamu za heshima kutoka kijijini kwetu. Sisi sote ni wazima, isipokuwa kwa mujibu wa mashine yako.

Jumamosi tunacheza fainali na Naqaravutu, watu ambao wakishinda huimba mpaka Krismasi. Winga wetu ni Sikeli, mtoto wa dada yangu. Tukiwa naye tuna timu. Bila yeye tuna wavulana waliovaa jezi. Aliteguka mguu kwenye nusu fainali, nawe ukamtuma Bi Kelera na mashine ya altrasaundi awapime vijana wetu wote vifundo vya miguu. Kelera amesema Sikeli asicheze. Mimi, meneja wa timu, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mlituletea mtani. Babu zetu na babu zake Kelera walikuwa ndugu, ndiyo maana sisi na watu wa kisiwa chao tukikutana tunatukanana, na anayenuna ndiye aliyeshindwa. Alipofika tu aliuvuta mkeka niliokalia akasema, "Wewe tumbo, sogea! Mwenyewe yuko wapi?" Tulicheka hadi machozi. Kisha akampaka Sikeli jeli kifundoni, akatazama kioo, akasema, "Kano ya huyu imechanika. Jumamosi asicheze." Tukacheka zaidi. Wazee walipiga makofi. Akasema, "Jamani, hapa sitanii!" Daktari, kuna mtani asiyesema hivyo? Alipoapa, mwenyekiti wa timu aligaagaa chini.

2. Mashine haikujitambulisha. Mgeni akiingia kwetu huwapelekea wazee mzizi wa yaqona, wa kutengenezea kinywaji cha heshima, ndipo hukaribishwa. Kelera alileta wake, na ulikuwa mzuri, tuliunywa. Mashine haikuleta kitu. Imewezaje basi kuingia mpaka ndani ya mguu wa mtoto wetu, mahali ambapo hata mama yake hajafika?

3. Picha yenyewe haieleweki. Mwalimu mkuu aliishika juu chini akaona samaki. Mwenyekiti aliona barabara yetu, na shimo la pale darajani. Kelera akasema, "Hilo jeusi ni maji, yamejaa kwenye kifundo." Sisi ni watu wa kisiwani. Maji yatatutisha lini?

4. Bibi Vasemaca, anayetukanda kijiji kizima, alimkanda Sikeli kwa mafuta ya nazi akatangaza kwamba mguu umepoa. Vidole gumba vyake havihitaji chaji. Ni kweli aliongeza, "Nimesema umepoa, sijasema akimbie," lakini yule ni mzee, husema mengi.

5. Mashine haina utu. Taniela, beki wetu, amekuwa akichechemea vizuri tu tangu msimu wa kupanda viazi vikuu. Mashine ilimpima ikasema kifundo chake hakina kasoro. Sasa mama yake anampeleka shamba kila asubuhi. Chombo kinachomtoa mvivu mafichoni na kumfunga breki mkimbiaji kinampendelea nani, kama si Naqaravutu?

6. Sikeli mwenyewe hajalalamika. Na kwa mila zetu mpwa akimwomba mjomba kitu, mjomba hana njia ya kukataa. Angetaka kupumzika angeniomba. Hajaomba. Kesi imekwisha.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, majibu ya mashine yahesabiwe kuwa utani. Ikishindikana, vifundo vya Naqaravutu navyo vipimwe, na vipimwe tena na tena mpaka ionekane kano iliyochanika. Ikishindikana hilo nalo, fainali ichezwe kwa mguu mmoja kila upande, ili haki itendeke.

Wasalimie wote hapo kliniki, na dereva wa boti aliyesahau kofia yake kwetu. Kelera msalimie pia, umwambie kisiwa chao kinanuka.

Ni mimi, mwenye hasira iliyovaa nguo za kanisani,

Ilaitia Vuetaki,
Meneja.

Tanbihi: Nilipokwisha kutia sahihi nilimwita Sikeli nikamsomea barua yote, ajivunie mjomba wake. Hakucheka mahali popote. Nikamwambia aruke mara moja kwa mguu ule, nipate ushahidi wa kuongeza. Akaruka. Alianguka, akanishika shati, akalia bila kutoa sauti. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza siku zote hizi. Akasema, "Dada Kelera aliniuliza kama unauma, nikamwambia. Wewe, mjomba, uliniuliza tu kama niko tayari."

Nimeona aibu, Daktari, na nimeumia. Jumamosi atakaa benchi ubavuni kwangu, na atakayemsogelea na jezi atanipitia mimi kwanza. Tafadhali mrudishe Kelera upesi, na mashine yake. Boti inaondoka sasa hivi na sina karatasi nyingine, kwa hiyo barua hii naomba uisome kuanzia kwenye tanbihi kwenda chini.