Hotuba ya Mzee Tarumbeta

Redio ya kinyozi ilikatiza muziki ikatangaza kwamba mwimbaji mkongwe wa bendi ile ya zamani amefariki dunia. Wembe ukasimama kwenye shavu la mteja. Kinyozi hakumuwaza marehemu kwanza. Alimtazama Mzee Tarumbeta, aliyekaa benchi la mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Katika bendi nzima sasa alikuwa amebaki yeye peke yake.

"Pole, mzee wangu."

"Watapiga simu sasa hivi," mzee akajibu, akasafisha koo.

Hilo alilijua. Kila mwenzake alipofariki, watu wa redio walimtafuta yeye, naye akawaaga wote kwa maneno yale yale: alikuwa mcheshi, alipenda watu, ameacha pengo lisilozibika. Fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye kwa ubishi wake walimbatiza Wakili, alishasema kwamba kwa mapengo hayo nchi imebaki kibogoyo.

Leo lakini mzee alikiweka kikombe chini. Wenzake wote wamepata wa kuwasemea, akasema taratibu, je, yeye atasemewa na nani? Akawaomba wafanye mazoezi: wachukulie yeye ndiye kafa, redio imewapigia wao.

Wakili hakungoja kuombwa mara mbili. Akavua futi ya kupimia shingoni, akainamisha kichwa.

"Marehemu alikuwa mcheshi."

"Uliniona nacheka lini?"

"Alipenda watu."

"Watu gani? Nawavumilia tu."

"Mzee, maiti habishi," kinyozi akamkumbusha.

"Na maneno ni yako mwenyewe," Wakili akasema. "Ulipokuwa unawagawia wenzio uliyaona matamu."

Mzee akanywea. Kinyozi akamwonea huruma, akatafuta la kusema, na kabla hajalipata simu ikalia. Mtangazaji akauliza swali lake la siku zote: marehemu alikuwa mtu wa namna gani?

"Alikuwa mche..." mzee akaanza, akajikatiza. Kijiwe kizima kikamtolea macho.

"Hakuwa mcheshi," akasema mwishowe. "Mkali kama pilipili yule mama. Na ubeti wa pili alikuwa anausahau, kila onyesho. Akishausahau ananikanyaga mguu, nami napuliza mpaka aukumbuke. Nyie mkasifu tarumbeta. Kumbe nilikuwa namsitiri mwenzangu." Akautazama mguu wake. "Sasa hakuna wa kunikanyaga."

Akakata simu bila kuaga. Mteja, povu likiwa limebaki shavu moja, alikuwa anajifuta machozi kwa taulo la kinyozi.

"Haya, na mimi mtasema nini?" mzee akauliza.

Safari hii kinyozi hakulitafuta neno. "Tutasema hukuwa mcheshi hata kidogo. Ulitununia asubuhi mpaka jioni. Kahawa yangu uliiponda huku unasogeza kikombe uongezewe. Na siku usipokuja, benchi hili lilitushinda kulikalia."

Mzee akamkodolea macho. Kisha akaangua kicheko, kicheko cha tumboni ambacho hakuna aliyewahi kukisikia pale kijiweni, hadi kahawa ikamwagikia suruali.

Wakili akavaa futi yake shingoni, akaelekea kwenye cherehani yake huku amekasirika kweli kweli.

"Umeona mambo yako, mzee? Hotuba ndiyo kwanza imekamilika, na wewe umeshaiharibu."