Yah: Kudisko kwa Mtu Mzima

Wenseslaus,
Kilema.

Mkuu wa Chuo,
Chuo cha Jamii cha Nuru ya Mlimani,
Njoro, Moshi.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Nilitaka kuanza na shikamoo, nikakumbuka kwamba nilisoma na kaka yako mkubwa. Nikataka kungoja shikamoo yako, nikakumbuka kwamba wewe ndiye mwenye muhuri. Basi tusalimiane kwa amani, kila mmoja ajichukulie anayostahili.

Nimepokea barua yako isemayo kwamba maendeleo yangu katika kozi ya cheti cha Ufugaji wa Ng'ombe wa Maziwa hayaridhishi, na kwamba mwisho wa muhula huu nitaondolewa chuoni, jambo ambalo wanafunzi wenzangu huliita kudisko. Kwa heshima na taadhima, naomba kulalamika kama ifuatavyo:

1. Mwalimu Fredy ananisalimia shikamoo kila asubuhi mbele ya darasa zima, nami namwitikia marahaba ya moyoni kabisa. Mchana ananirudishia mtihani wenye alama ishirini na nane. Ndugu Mkuu, shikamoo ni kushika miguu ya mkubwa. Sasa huyu aliyeishika asubuhi, mchana anaivuta ya nini? Ama aache kunisalimia, ama marahaba zangu zihesabiwe katika alama za mazoezi.

2. Maswali yenyewe yana hila. Tuliambiwa tutaje vyumba vinne vya tumbo la ng'ombe. Mimi nimechinja tangu ujana, nikajibu bila kusita: supu, utumbo, kisusio, na kile anachopelekewa mjomba. Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mzee, hii ni menyu." Darasa lilicheka sana, na mimi nilicheka kuliko wote, ila hiyo haikuongeza alama. Utasema mfugaji wa siku nyingi kama mimi alipaswa kujua. Ng'ombe wangu naye anasema hivyo hivyo. Anatoa maziwa ya kutosha chai ya mtu mmoja, na mtu huyo hanywi chai nyingi.

3. Kuhusu mahudhurio, sina mpinzani. Kozi hii ni ya mwaka mmoja, mimi nimeisoma minne. Kwa hesabu ya kawaida, isiyo ya chuo, ningekuwa na vyeti vinne. Huyo Fredy mwenyewe tulianza naye dawati moja. Mtihani wa kwanza alinakili kwangu, akapata sapu, yaani mtihani wa marudio, akaenda kuufanya upya peke yake. Tangu siku hiyo hakunakili tena, na leo ni mwalimu msaidizi. Kwa hiyo, ukitazama vizuri, maendeleo yake ni matunda ya kazi yangu. Naomba yaandikwe upande wangu.

4. Sisi wa mlimani tunajua kungoja. Mbuni wa kahawa ukiupanda leo, huuchumi kesho, unaupalilia na kuutilia samadi miaka mitatu, minne, na hakuna anayeuandikia barua. Najua utasema mbuni usiozaa hung'olewa. Ni kweli, hata mimi niliing'oa ya kwangu kihambani nikapanda nyanya, nazo zikanyauka. Mfano huu tuuache.

5. Hili ndilo kubwa. Binti mmoja wa darasani, Kindness, ambaye ni jirani yetu, alimwambia dada yangu Eliona kwa nia njema kabisa kwamba mzee yuko hatarini kudisko. Eliona hajui lugha ya vyuo. Jumatano aliinuka kwenye sala za jumuiya, akalia, akaomba nia maalum kwa ajili ya kaka yake ambaye tangu afiwe na mke ameanza kwenda disko mjini Moshi. Katekista alikuja kunishauri. Mzee Rogath wa jumuiya hiyo naye alikuja, akaninong'oneza akitaka kujua hilo disko liko wapi na linafunguliwa saa ngapi.

Nilikuwa na nafasi ya kueleza ukweli, Ndugu Mkuu. Lakini nilipopima, niliona katika ukoo wa wafugaji ni heri kuwa mcheza disko kuliko kuwa mtu aliyeshindwa na ng'ombe. Nikakiri kwamba nacheza. Wiki iliyofuata, kwenye sherehe ya kipaimara, vijana wakanivuta katikati ili niwaonyeshe. Nilionyesha. Kiuno changu bado hakijanisamehe, na nimeshaalikwa kwenye harusi mbili.

Kwa hayo yote, naomba kiwango cha kufaulu kwa wanafunzi waliovuka miaka sitini kianzie pale wao walipofikia, yaani ishirini na nane. Pili, neno kudisko lifutwe, tuseme kustaafu masomo. Tatu, nipewe cheti changu kwenye mahafali ya mwaka huu, hata kikiwa kidogo, hata kikiwa hakisemi nimesoma nini.

Nisalimie mpishi, mlinzi wa getini ambaye kila asubuhi namkuta bado anapiga mswaki, Kindness ambaye simlaumu, na Mwalimu Fredy, mwambie marahaba.

Ni mimi mwanafunzi wako mtiifu, ingawa si mwelewa,

Wenseslaus

Nyongeza: Baada ya kutia sahihi nimeisoma barua hii tena, nikaingiwa na hofu kwamba unaweza kukubali. Ukinipa cheti, nitakitundika ukutani, halafu Jumatatu nitakwenda wapi? Watoto wangu wako mbali na wana kazi zao, wakipiga simu wananiuliza kama nimekula, wakisikia ndiyo wanakata. Tangu Monica wangu alipofariki, hapo darasani ndipo mahali pekee ambapo mtu huniuliza swali kisha akanyamaza, akaningoja nijibu. Nikikosea, ananiuliza tena. Tafadhali, Ndugu Mkuu, yakatae maombi yangu yote matatu. Usinifaulishe na usinifukuze. Nipe sapu.