Kuhusu Kupewa Mtani Anikunje Goti

Ipagala, Dodoma

Kwa Mganga Mfawidhi,

Mheshimiwa Daktari, pokea salamu za mgonjwa wako mwenye goti jipya la kushoto. Goti lenyewe halina neno, mliliweka vizuri. Malalamiko yangu yanamhusu binti mliyempa kazi ya kulifanyisha mazoezi.

1. Binti huyo, Nasra, ni Mrangi wa Kondoa. Mimi ni Mgogo. Huenda wewe ni mgeni huku, kwa hiyo niruhusu nieleze: hao ni watani zetu, na mtani hakasirikiwi. Mtaalamu mwingine akinisema vibaya nitanuna, nitarudi nyumbani, na mazoezi yatakuwa yamekwisha. Kwa Nasra njia hiyo imefungwa. Hunipa shikamoo kwa heshima zote, nikishaitikia marahaba, huanza: “Haya mtani, kunja! Au walikuwekea mpini wa jembe?”

2. Wagonjwa wenzangu wanacheka. Mama Debora, ambaye naye amewekewa goti, ameomba zamu yake ifuatane na yangu ili asikose kitu.

3. Mtani ana ruhusa ya kuchukua mali ya mtani wake. Basi Nasra alichukua mkongojo wangu, akausimamisha mwisho wa varanda. “Ukiutaka, ufuate.” Nikaufuata. Ningefanyaje, na kuudai kwa hasira ni aibu? Nilipoukaribia, akausogeza.

4. Juma hili goti liliuma, nikakataa kushuka kwenye kitanda cha mazoezi. Nimekuwa afisa mifugo maisha yangu yote. Najua kiungo kinachouma hupumzishwa. Nasra hakubishana. Msibani, watani ndio humwigiza marehemu. Akashika mkongojo wangu, akapita katikati ya chumba akichechemea kama mimi na kulia, “Mtani wangu jamani, enzi za uhai wake alitembea hivi!” Mama Debora akampokea kilio. Mke wangu Ruthu, aliyenisindikiza, akafuta machozi, ya kucheka. Ilibidi nishuke mwenyewe kwenda kuuzuia msiba wangu.

Usidhani sitaki kupona. Wanangu wamesema nisipoweza kupanda mwinuko hadi zizini kwetu Mlali kabla ya mvua, ng'ombe wote watauzwa. Nataka kupanda, lakini kwa heshima na kwa mwendo wangu. Hivyo naomba Nasra aondolewe, niletewe mtu mpole, wa kabila lisilo na utani nasi, ambaye nitaweza kumkasirikia kwa haki.

Wasalimie wauguzi wote, na madaktari walionipasua, na Mama Debora pia, ingawa hastahili.

Wako katika kuchechemea,
Zablon Matonya

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Leo nimekuta Nasra yuko likizo, nikapewa kijana mpole, Petro. Akaniambia, “Mzee, ukichoka pumzika.” Nikachoka papo hapo. Nimepumzika saa nzima, na sasa goti linakataa hata ngazi ya mlangoni kwangu. Tafadhali mpigieni Nasra simu. Mwambieni kuna Mgogo hapa anasema Warangi wakiona kazi ngumu hukimbilia likizo. Kesho asubuhi mtamkuta getini.