Taya Langu na Kigoda cha Kuonjea Dengu

Jumapili, 1 Oktoba

Taya limelia tena. Mara ya tatu tangu nimalize mtihani wa mwisho wa shule. Nilikuwa nauma mkate wa jana, kikasikika kitu "kak" mbele ya sikio la kushoto, kama bawaba ya mlango wa stoo. Mama akauliza nani amevunja kijiko. Nikasema mimi. Afadhali kijiko.

Sababu ya kuficha ni hii. Wiki mbili tu zimepita tangu Ami Lutfi anikalishe kwenye kigoda cha muonjaji, nyuma ya pazia, katika duka lake la kukaanga dengu. Kila kikaango kikitoka motoni, muonjaji anauma dengu tatu: moja kushoto, moja kulia, moja kwa meno ya mbele. Zikivunjika vizuri anaitikia kwa kichwa. Zisipovunjika anatikisa kichwa, zinarudi motoni. Ndivyo alivyofanya babu, kisha bibi mpaka meno yalipomwisha. Muonjaji haongei na mteja hata mmoja. Sijawahi kusikia kazi nzuri kuliko hii.

Kazi nyingine iliyopo ni ya kaunta ya mbele, kuita wateja kwa sauti. Maulidi ya Sayyid, walii wa mji wetu, ni mwezi huu huu. Mji mzima wa Tanta, na nusu ya Misri juu yake, itapita mbele ya kaunta ile kununua dengu. Kwa sasa yupo binamu yangu Dalal, ambaye anakitamani kigoda kwa sababu nyuma ya pazia kuna feni. Ami akijua taya langu ni bovu, tutabadilishana nafasi. Nitafia pale pale mbele ya mizani.

Mpango: nitauma kwa upande wa kulia tu.

Jumatatu, 2 Oktoba

Upande wa kulia umegoma kwenye kikaango cha sita. Maumivu yanapanda mpaka kwenye paji la uso, kama mtu amenizungushia kamba akaikaza.

Mpango mpya. Nikachukua mchi mdogo wa shaba wa Mama, nikauficha chini ya meza. Unagonga dengu, unasikiliza. Iliyoiva inalia kavu, mbichi inalia butu. Nilipatia vikaango vitatu mfululizo. Kisha Dalal akapenyeza kichwa kwenye pazia.

"Naglaa, umefungua useremala huko nyuma?"

Nikamwambia napima ukavu.

"Ukavu wa nini, wa kichwa?"

Ami akaja. Akaona unga umenijaa mapajani. Akauchota kwa kidole, akaulamba, akasema baba yake alionja kwa meno miaka arobaini na hakuwahi kuhitaji nyundo. Ameuchukua mchi. Mama anautafuta tangu mchana. Nami nimemsaidia kuutafuta.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimefikiri kwa makini. Taya linachoka kwa sababu linaning'inia siku nzima bila kushikiliwa. Kwa hiyo baada ya alasiri nilijifunga kwa kitambaa cheupe cha Mama, kikapita chini ya kidevu, fundo juu ya utosi. Nikalala chali. Mikono nikaiweka kifuani kwa sababu ilitulia vizuri pale. Nilijisikia nafuu kwa mara ya kwanza wiki hii.

Mama akaingia.

Ukelele wake umewatoa majirani wa ghorofa mbili. Alilia kwanza, akanipiga bega, akalia tena. Akasema hajaona mtoto wa kujifunga taya kama maiti na huku anapumua. Bahati mbaya Shangazi Inshirah, mama yake Dalal, alikuwa jikoni amekuja kurudisha sufuria. Ikabidi nieleze kila kitu kwa wote wawili. Shangazi ameapa Ami hatapata habari.

Tena ameniletea dawa. Anasema taya langu limelala na lazima liamshwe. Dawa ni ubani dume, ule mgumu, kutafuna kuanzia saa ile hadi magharibi, pande zote mbili. Baada ya saa moja Mama alisema pengine inatosha. Shangazi akasema, "Mwache, wifi. Hapo ndipo linapoanza kufungua macho."

Jumla: saa mbili.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mdomo haufunguki. Nimepima kwa rula ya shuleni: sentimita moja na nusu. Chai nimeinywa kwa mrija.

Dukani sikuuma hata dengu moja. Nilitazama rangi tu na kuitikia kwa kichwa. Nilijiona mwerevu mpaka adhuhuri, alipokuja mzee mmoja na mfuko wake, akautua kwenye kaunta. Akamwambia Ami kwamba yeye aliagiza dengu za kula, si mbegu za kwenda kupanda.

Ami alifungua pazia. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Binti yangu, meno unayo au huna?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nafanya tangu asubuhi.

Jumamosi, 7 Oktoba

Dalal anajua. Mama yake aliapa Ami hatapata habari, na kweli Ami hajapata. Dalal hakutajwa kwenye kiapo.

Amenipa sharti. Atanyamaza, lakini leo akae yeye kwenye kigoda apate feni, mimi nisimame kaunta. "Dakika kumi tu, dada yangu. Utakufa?" Nikaona dakika kumi hazina madhara, na taya litapumzika. Nikakubali.

Zikawa saa mbili. Mama mmoja akauliza kama dengu zile ni za chumvi au hazina. Nikafungua kinywa, ikatoka "kak". Akauliza kama ninaumwa. Nikamwonyesha kibao kwa kidole. Akasema hajasahau kusoma, amesahau miwani. Nikanong'ona. Akasema, "Paza sauti, mwanangu, hatuko msibani." Nyuma yake walikuwa watu kumi na moja. Niliwahesabu badala ya kujibu.

Ami aliporudi kutoka stoo alimkuta Dalal kwenye kigoda. Sikutegemea kwamba angempenda. Alisimama akamtazama anavyopasua dengu, akasema, "Huyu anauma kama bibi yake." Hilo limeniuma kuliko taya. Ameahidi kuamua kabla ya usiku mkubwa wa maulidi nani abaki nyuma ya pazia.

Jumatatu, 9 Oktoba

Mama amenipeleka kwa Dakta Mirvat wa meno. Alinigusa mashavu, akaniambia nifungue, nifunge, akasikiliza kama mtu anayesikiliza tikiti maji sokoni. Akasema meno yangu ni mazima yote. Kilichochoka ni kiungo cha taya na misuli yake. Akaniuliza kama huwa nakaza meno. Nikasema hapana, kamwe.

"Unayakaza sasa hivi."

Akauliza maumivu yalianza lini. Mama akajibu kwamba mwaka mzima wa mtihani nilikuwa nikisaga meno usingizini mpaka yeye akadhani kuna panya ukutani. Dakta akauliza ninatafuna nini siku hizi. Mama akataja ubani. Dakta akafumba macho kidogo. Kisha akaniuliza kazi yangu.

Nikasema naonja dengu za kukaanga. Vikaango ishirini kwa siku. Tatu tatu.

Dakta akaweka kalamu chini.

Ameagiza hivi: vyakula laini, kitambaa cha moto mara tatu kwa siku, nisitafune ubani, nisiume kitu kigumu, nisipige miayo mikubwa. Midomo ikutane lakini meno yasigusane. Atanitengenezea kinga, kikombe chembamba cha plastiki cha kuvaa kwenye meno ya juu wakati wa kulala. Anasema taya la namna hii kwa kawaida hupona lenyewe, mradi mwenyewe aliache lipumzike. Akanitazama sana aliposema mwenyewe.

Mama ameniambia nimweleze Ami kesho. Nimekubali. Sikusema kesho ipi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Kinga imefika. Imekaa kwenye meno kama imezaliwa nami. Nimelala nayo na kuamka bila maumivu. Siku nne za kubaki nyumbani kwa kisingizio cha mafua, na za supu ya dengu nyekundu na wali laini, nazo huenda zimesaidia, ila sidhani.

Nimepata wazo. Kama kinga inalinda meno usiku, kwa nini isiyalinde mchana? Nitaivaa kwenye kigoda. Nitauma dengu tatu tatu kama kawaida, Dalal arudi zake kaunta, na Dakta hatakuwa amekosewa heshima kwa sababu ni kifaa chake mwenyewe. Nashangaa hakulifikiria hilo.

Jumapili, 15 Oktoba

Naandika yote kwa utaratibu.

Asubuhi nilivaa kinga. Ikaonekana kwamba ukiwa na plastiki mdomoni, dengu zote zinaumika sawasawa, mbichi na zilizoungua. Kwa hiyo nikawa naivua kwa kila kikaango ili nihakikishe kwa ulimi, kisha naivaa tena. Katikati ya kuvua na kuvaa, Ami akafungua pazia ghafla. Nikaificha mahali pa karibu. Mahali pa karibu palikuwa ndani ya kikapu cha dengu zilizokwisha kupita. Ami akakinyanyua kikapu, akaenda nacho mbele.

Nilipaswa kusema kitu wakati ule. Nilikaza meno.

Baada ya nusu saa akarudi Hajjat mmoja mnene, mfuko mkono mmoja, kinga yangu mkono wa pili, ameishika juu watu wote waione. Foleni ilifika mpaka kwa muuza viatu.

"Jamani, nimeomba kilo ya dengu. Nani kanipunguzia na kujazia meno yake?"

Watu wakacheka. Ami hakucheka. Akageuka kumtazama Dalal, kwa kuwa ndiye aliyempimia yule Hajjat. Akamwambia kwamba miaka sitini ya jina la baba yake imeishia kwenye mdomo wa mtu. Dalal alijaa machozi. Sijawahi kumwona akilia.

Kwa kweli ningeweza kubaki nyuma ya pazia. Nililifikiria hilo vizuri.

Nikatoka. Nikasema, "Ni yangu." Hakuna aliyesikia. Nikasema tena kwa sauti ambayo sikujua ninayo, taya likafunguka lote bila kulia, "Hajjat, hiyo ni yangu! Dalal hana kosa. Taya langu bovu, nimeficha wiki mbili."

Hajjat akanitazama, akafuta kinga kwa ncha ya mtandio wake, akanirudishia. Akasema naye taya lake hulia wakati wa baridi. Kisha akadai kilo nyingine, na akapewa mbili.

Ami ameamua. Dalal kigodani, mimi kaunta, mpaka maulidi yaishe. Amesema mwenye sauti kama ile amepotezwa bure nyuma ya pazia. Dalal alipopita kwenda kukaa aliniminya mkono. Nimepoteza kila kitu.

Jumamosi, 21 Oktoba

Maulidi yamekwisha. Nimesimama kaunta siku sita. Nimesema "za chumvi kulia, zisizo na chumvi kushoto" mara nyingi kuliko nilivyosema jina langu maishani. Siku ya kwanza nilikuwa naiambia mizani, si wateja. Siku ya tatu Hajjat yule alirudi na dada zake wanne na kuomba ahudumiwe na "mwenye meno", nami nikamjibu kwamba leo ameyaacha nyumbani. Foleni nzima ilicheka. Sijui maneno yale yalitoka wapi.

Kingine: taya halijaniuma tangu Jumatatu. Sijui ni kwa nini. Sijauma dengu hata moja, nimeshindia supu, nimevaa kinga usiku tu, na sina muda wa kukaza meno kwa kuwa muda wote naongea. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuwa dawa. Nadhani limejiponea tu.

Leo jioni Dalal amekuja kaunta ameshika shavu. Anasema asubuhi alipopiga mwayo alisikia kitu "kak" karibu na sikio. Ami amenivuta pembeni akaniuliza kama taya langu limepona, maana anaona kigoda kitakuwa wazi. Akasema lakini nisikurupuke, kaunta inanihitaji, nilifikirie mpaka kesho.

Sina cha kufikiria. Kazi nzuri kuliko zote, nyuma ya pazia, na feni. Nimemwelekeza Dalal kwa mama yake akapate ubani.

Nimerudi nyumbani na mfuko wa dengu za kikaango cha mwisho, ambazo ndizo ngumu kuliko zote. Nafanya mazoezi ili kesho Ami asiwe na shaka. Kumi kushoto, kumi kulia. Sita za kwanza zimekwenda vizuri sana.

Ya saba imelia "kak".

Nadhani ni dengu.