Kona ya Claude

Jumatatu, 7 Julai 2003

Barua! Mchuuzi wa samaki aitwaye Kule ameileta kutoka Kasenyi, bandari ya ziwani, ndani ya gunia la makayabu, samaki wa chumvi. Inanuka chumvi. Nimeinusa mara tatu kabla ya kuifungua, maana mwandiko ni wa mke wangu.

Émilienne yuko ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda, na watoto wetu wawili, tangu mwezi wa nne. Wazima wote. Anasema barua zangu tano za kumwambia Bunia imetulia amewashia moto. Kuni ni shida huko. Ameandika hivi: "Maneno yako, Fulgence, nimeyachoka. Siku redio itasoma matokeo ya mpira wa Bunia, ile siku njo nitajua watu wanalala usingizi. Nitapanda mashua."

Miaka kumi na minne ya ndoa, ananijua. Redio haiwezi kudanganya.

Chini kabisa anamsalimia Claude, mdogo wake. Anauliza kama bado anacheza namba saba. Hapo nilikunja barua nikaiweka mfukoni.

Jumanne, 8 Julai

Mungu yupo! Ligi ya mji imetangaza mechi. Jumapili tarehe 20, saa tisa. Refa mkuu Antoine atakagua viwanja viwili Ijumaa tarehe 18, kisha atachagua kimoja: changu, au kile cha Ézéchiel, mtunza kiwanja mwenzangu.

Mimi ni mtunza kiwanja na katibu wa timu, mwaka wa kumi na moja huu. Kiwanja changu kiliwahi kuchezewa na timu za divisheni, watu wakipanda juu ya ukuta. Leo nimekizunguka na daftari. Mabati ya jukwaa: hakuna. Viti: watu walipikia maharagwe. Nyavu za goli ziliuzwa Kasenyi, na huko zinajaa samaki kila siku; washambuliaji wetu hawakuwahi kuzijaza mabao hivyo. Majani yamefika magotini. Katikati kuna handaki walilochimba watu wa bunduki, limejaa maji na vyura.

Ézéchiel ana toroli. Ana reki. Ana majani mafupi kama nywele za mwanafunzi. Alinipigia honi ya baiskeli akipita. Alifanya makusudi!

Na kuna kona ya kaskazini. Ngoja niandike, nimalize. Mwezi wa tano, siku ya nne ya mapigano, Claude alitoka kutafuta maji. Tulimpata jioni. Makaburini hapakwenda mtu wiki ile. Tulimzika pale kwenye kona, na jezi yake. Mbao hatukuwa nazo, tukamfunika na mlango wa chumba cha wachezaji. Udongo ulibaki mwingi, ukawa kilima kidogo.

Émilienne hajui. Kwetu habari ya kifo haitumwi kwa karatasi. Sharti nimwambie uso kwa uso, wanawake wawili wamekaa karibu naye wamshike, na matanga yafuate. Kwa hiyo lazima arudi. Kwa hiyo lazima mpira uchezwe. Ni rahisi tu.

Alhamisi, 10 Julai

Akili yangu inanishangaza wakati mwingine!

Nilisikia wanajeshi wa kigeni wanatafuta mahali pakavu pa kuegesha magari yao ya chuma. Nilioga, nikavaa koti, nikaenda mpaka getini kwao. Nikamwambia mkalimani kuna kiwanja kizuri mno karibu na shule, kikavu, kipana, na mwenyewe ni mtu mkarimu. Mkalimani alinishukuru. Askari mmoja alinipa biskuti.

Saa nane magari saba yalikuwa juu ya majani ya Ézéchiel. Yalizunguka, yakarudi nyuma, yakazunguka tena. Nilitazama toka ng'ambo ya barabara nikila biskuti. Ézéchiel alikuwa amesimama na reki yake mkononi. Hakupiga kelele hata kidogo. Ningependa angepiga kelele.

Jumamosi, 12 Julai

Majani yote yamekwisha! Nilimwomba mfugaji mmoja wa upande wa Mbunya alete ng'ombe wake kumi na tisa. Wao wanashiba, mimi nakatiwa majani, na mbolea juu. Nani mwingine mjini angefikiria hivyo?

Saa kumi mvua ilinyesha. Ng'ombe wakaogopa radi, wakakimbia kutoka goli mpaka goli. Sasa majani hayapo, lakini kila hatua kuna shimo la kwato, na kila shimo lina maji.

Kwenye kona ya kaskazini nilisimama mwenyewe na fimbo. Huko hakupita ng'ombe hata mmoja.

Jumatatu, 14 Julai

Nimefukia handaki. Vyura wamehamia kwenye mashimo ya kwato. Kila mmoja na nyumba yake sasa.

Tatizo la leo ni mistari. Antoine hakubali kiwanja bila mistari, na chokaa haipatikani Bunia yote. Dukani waliniambia kilichobaki kilitumika kwenye vyoo vya kambi ya wakimbizi.

Basi nikaenda kambini, maana huko kuna kitu kingine cheupe: unga. Nilijiandikisha kama baba wa familia. Bibi wa daftari aliuliza watoto wangapi. Nikasema kumi na mmoja, nikawataja wachezaji kwa majina, tangu golikipa mpaka kushoto mbele. Alinikazia macho akauliza inakuwaje mimi nina miaka arobaini na mitatu na mtoto wa kwanza thelathini na mmoja. Nikasema nilioa mapema. Akauliza kama wote wako hai.

Nilisema ndiyo. Wote kumi na mmoja. Kwa kweli waliobaki ni tisa. Claude yuko pale konani. Na Fabien, mfungaji wetu, alitoweka siku ya kwanza ya mapigano. Watu wanasema yuko mji wa Beni. Lakini kuyasema majina yote mfululizo kulinifurahisha hata nikasahau kilichonipeleka. Bibi aliandika taratibu. Nilipewa magunia mawili.

Alhamisi, 17 Julai

Mistari imepigwa! Nimefanya kazi tangu asubuhi mpaka jioni, na kamba, na kopo lililotobolewa chini. Unga wa mahindi unang'aa kuliko chokaa. Kisanduku cha penalti kimenyooka. Duara la kati limekuwa yai, lakini yai zuri.

Kwenye kona ya kaskazini mstari umepinda kidogo, ukakizunguka kilima. Nimepanga kumwambia Antoine kwamba Ulaya wanafanya hivyo.

Nyumbani nimefagia. Nimemwaga maji sakafuni ili udongo ushike. Kitanda cha watoto nimekigeuzia dirishani.

Ijumaa, 18 Julai

Siku mbaya.

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi. Kiwanja kilikuwa na watu. Wanawake wa kambini, labda thelathini, wameinama kila mmoja na sahani na ufagio mdogo. Walikuwa wanazoa mistari. Polepole, wakipuliza mchanga. Kisanduku cha penalti cha kusini kilikuwa kimekwisha. Duara la kati lilikuwa linaliwa kutoka pande mbili.

Niliokota fimbo ya ng'ombe. Nilikimbia nikipiga kelele kwamba huo ni mstari wa mpira, ni mali ya ligi! Mama mmoja aliinuka. Mgongoni ana mtoto asiye na nguvu ya kulia. Aliniuliza kwa heshima: "Papa, weye njo ulimwanga unga hapa? Siye tulifikiri unga umepotea tu."

Niliweka fimbo chini. Unga wenyewe nimeupata kwa majina ya watu, na mmoja wao yuko chini ya udongo hatua arobaini toka pale. Niliona aibu, nasema kweli, aibu ya kunitoa jasho. Nikamwambia mstari wa kati niliumwaga mara mbili, ni mnene, aanzie huko. Nikamshikia sahani.

Antoine alifika saa nne, na viatu vyake vyeupe. Mistari hakuna. Alinitazama, akawatazama akina mama wakiondoka, akasema mistari tutapiga na majivu. Mungu ambariki! Akatumbukia kwenye shimo la kwato mpaka kifundo. Akasema hata hayo wachezaji watazoea. Halafu akafika kona ya kaskazini. Akagonga kilima na kiatu. Akasema toa hii, weka sawa, na mechi ni yako.

Nilisema hapana.

Akasema ni kazi ya jembe moja, nusu saa. Nikasema hapana. Akauliza kuna nini. Nikasema ni udongo mgumu. Nadhani alielewa, maana alirudisha mguu wake nyuma, akavua kofia. Lakini sheria ni sheria, mchezaji anayepiga kona hawezi kupanda mlima. Akasema basi twende kwa Ézéchiel, kiwanja chake kinajulikana.

Tulikwenda. Magari saba ya chuma. Matope mapana kama mto. Ézéchiel amekaa kwenye toroli lake, amejifunika uso.

Mechi imeahirishwa. Tarehe mpya hakuna. Kama ningemwachia Ézéchiel majani yake, mechi ingechezwa kwake, redio ingesoma, na mke wangu angepanda mashua. Nimeliandika mara moja. Sitaliandika tena.

Jumapili, 20 Julai

Saa tisa nilikwenda uwanjani hivyo hivyo. Nilikaa kwenye kona. Nikamweleza Claude jinsi tulivyokosa mechi. Niling'oa magugu yake.

Hapo ndipo wazo lilipokuja! Nani hupeleka matokeo kwa Adrien wa redio? Mimi. Kila Jumapili kwa miaka yote hii, kipande cha karatasi na muhuri wa timu. Adrien hajawahi kukanyaga uwanjani. Jua linamuumiza kichwa. Yeye hatazami mabao, hutazama muhuri. Na muhuri ninalala nao chini ya mto.

Niliandika mbili kwa moja, kwa unyenyekevu. Mfungaji lazima awe mtu anayejulikana na Émilienne, ili aamini. Claude? Kalamu ilikataa. Nikaandika Fabien, mara mbili, dakika ya kumi na mbili na ya sitini na nane. Yuko Beni, nani atamuuliza?

Saa kumi na mbili jioni Adrien alisoma. Sauti yake nzuri! Nilisikiliza nikiwa nimesimama, nikalia. Hata mimi niliamini.

Jumatatu, 21 Julai

Mji mzima unazungumzia mechi. Nilidhani watanipiga. Badala yake fundi viatu ananiambia alikuwepo, alisimama nyuma ya goli. Muuza mkaa naye alikuwepo. Ézéchiel mwenyewe alisimamisha baiskeli akaniambia bao la pili lilikuwa la kuotea.

Watu walikuwa na hamu ya ile mechi kuliko nilivyojua. Nimenunua sabuni. Nimewaomba mama wawili wa jirani wawe tayari kuja kukaa nami siku yoyote. Hawakuuliza kwa nini. Walijua.

Jumatano, 30 Julai

Mchuuzi Kule amerudi. Peke yake. Nilitazama nyuma ya gari la samaki mara mbili. Amenipa barua.

Naiandika hapa kama ilivyo. "Fulgence. Nilisikia Bunia walicheza. Nikaanza kufunga vyombo, watoto wakavaa viatu. Kisha redio ikasema Fabien alifunga. Fabien alikuwa mulangoni kwangu, na sahani ya samaki mukononi. Iko anakaa huku tangu mwezi wa sita. Alicheka mpaka akaketi chini. Mie sikucheka. Kama redio nayo imekuwa weye, nitaamini nini tena? Watoto walilala na viatu. Usiandike."

Chini kabisa, kwa kalamu nyingine: "Claude, mbona hawakumutaja? Iko mugonjwa? Umuambie dada yake anangojea kusikia jina lake."

Sikula. Nimezuia mama wawili wa jirani wasije.

Alhamisi, 31 Julai

Nimelifikiria jambo hili usiku kucha na sasa kosa naliona wazi. Kosa lilikuwa Fabien! Mfungaji mwenye miguu, anayeweza kupanda mashua na kwenda kukaa mlangoni mwa mtu. Uzembe mtupu.

Jumapili hii itakuwa tatu kwa sifuri. Mfungaji ni Claude, yote matatu. Yeye najua alipo, na hatavuka ziwa. Muhuri una wino wa kutosha. Nimekwenda kumwambia pale konani, nimekaa mpaka umande ukanilowesha suruali. La mwisho atalifunga kwa kona ya moja kwa moja, upande wa kaskazini. Émilienne atafurahi sana.