Tairi la Gari na Mama Mkwe Aliyekaa Wima Kwenye Kona

Gidion Mihayo,
Kijiwe cha Bodaboda,
Kiseke, Mwanza.

Kwa Mzee Masalu,
Buswelu.

Baba Mkwe ninayekuheshimu,

YAH: KUMLALAMIKIA MAMA MKWE KWA KUKAA WIMA KWENYE KONA

Shikamoo Baba. Natumaini umeitikia, maana kwenye simu huitikii. Mimi ni mzima wa mwili, ila nyumba imepoa. Leo ni wiki ya tatu tangu umzuie mke wangu Justa hapo kwako, ukatoa neno kwamba harudi Kiseke mpaka niling'oe tairi la gari nililofunga kwenye gurudumu la nyuma la pikipiki yangu, kisha nije na mbuzi wa kumwomba Mama radhi. Baba, ugali ninaojipikia hata kuku wa jirani wameukataa. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea, maana nasikia habari imetiwa chumvi nyingi huko. Jumapili ile nilikuja kumchukua Mama nimpeleke kanisani. Alikuwa amevaa kitenge kipya cha umoja wa akina mama. Kwa heshima ya mkwe na mama mkwe, alikaa mwisho kabisa wa kiti, na katikati yetu akaweka kikapu cha viazi ili tusigusane. Mpaka hapo hakuna aliyekosea. Tulipofika kwenye kona ya mashine ya kusaga, mimi nilikata kona. Pikipiki haikukata. Ilinyoosha, ikaingia mashineni kwa mlango wa mbele, ikapita foleni yote ya watu na ndoo zao za mahindi bila kumgusa hata mmoja, ikasimama kwenye rundo la pumba. Mama hakuumia. Alitoka mweupe mpaka kwenye kope, akaniangalia. Waliocheka ni watu wa foleni. Mimi nilicheka kidogo tu, tena moyoni.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni haya:

1. Mama hakuinama. Tairi la pikipiki lina mgongo wa duara, ukikata kona linalala lenyewe. Tairi la gari ni bapa, halilali mpaka libembelezwe. Nikijua hivyo, nilimwomba Mama mapema, kwa adabu, bila kugeuka kumtazama usoni, ainamie kushoto kwa nguvu zake zote. Akabaki wima kama nguzo ya umeme. Najua atajitetea kwamba mama mkwe hayumbishi mwili mbele ya mkwe wake. Sawa, mila ni nzuri, mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Lakini wazee walipoiweka hiyo mila, Baba, kulikuwa na bodaboda?

2. Tairi linasingiziwa. Fundi Odeta alilifanyia kazi siku nzima. Alibadili ringi, akapanua vyuma vya nyuma kwa gesi, akang'oa madigadi, akakata na kipande cha kifuniko cha mnyororo ili lipate nafasi. Alipomaliza aliniapia mbele ya watu kwamba tairi hili litadumu kuliko mimi. Nionyeshe fundi mwingine Mwanza nzima anayekupa uhakika wa namna hiyo.

3. Wewe mwenyewe, Baba, samahani sana kwa kusema hili, unavaa makatambuga. Nimekufahamu miaka sita, na miaka yote sita miguu yako imekanyaga tairi la gari, wa kulia na wa kushoto. Unakata kona ya kwenda kisimani, unakata kona ya kanisani, hujawahi kuingia mashineni. Kama tairi la gari linakataa kona, mbona lako linakubali?

4. Kazi ya gari ifanywe na nani? Makochi yako yaliyoko sebuleni, yote matatu, hayakuja na lori. Yalikuja mgongoni mwa pikipiki yangu, moja moja, na lile refu nililileta nimelala juu ya tangi kifudifudi. Saruji ya choo chako nilibeba mimi. Yule jirani yako aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa usiku wa mvua, gari la wagonjwa lilishindwa mlima, nikamshusha mimi. Barabara yetu, mvua ikinyesha ni mto, jua likiwaka ni mawe matupu, na tairi la pikipiki hapo linaisha kama sabuni kwenye beseni. Waheshimiwa walipokuja kuomba kura waliahidi lami, na sisi bodaboda tukawabebea bendera tukipiga honi mpaka Nyegezi. Kura wakapata, bendera wakachukua, lami hatukuiona. Sasa mnyama anayebebeshwa mzigo wa punda akivaa kwato za punda, kosa lake ni nini?

5. Siku ya posa uliniuliza mbele ya wajomba kama nina gari. Nikajibu Mungu akipenda. Naona amependa kwa sehemu. Pikipiki ina magurudumu mawili, moja sasa ni la gari, kwa hiyo kihesabu mimi ni mmiliki wa nusu gari. Mwenye nusu gari hawezi kutozwa mbuzi mzima kama mtu wa miguu. Naomba faini yangu iwe nusu mbuzi, na mwenye kuchagua nusu awe mimi.

6. Nimeambiwa Justa hapo kwako anacheka vizuri na ananenepa. Hili nalo nalilalamikia. Zamani nikirudi jioni alikuwa ananiuliza leo umekula nini, nami nilikuwa nadanganya kwamba nimekula, ananijua, anapakua. Sasa hakuna wa kumdanganya. Inauma, Baba, sitaficha.

Kutokana na hayo yote, naomba mambo matatu. Kwanza, Mama afanye mazoezi ya kuinama kila asubuhi, akae kwenye benchi la uani, Justa amtajie kushoto, kulia, kushoto, mpaka kiuno kizoee. Pili, wewe ukiwa mzee unayesikilizwa, uongee na mwenye mashine ya kusaga aihamishe, kwa sababu ameijenga mahali ambapo pikipiki zinapita. Tatu, mke wangu arudi kabla ya Jumapili. La sivyo nitafunga tairi la gari na mbele pia, niwe na gari kamili, halafu tuone mtanitoza nini.

Msalimie Mama, kwa mbali kama inavyotakiwa. Msalimie shemeji Kija, mwambie ile video ya mashineni aliyoisambaza imefika hadi kijiweni kwetu. Wasalimie majirani wote, waliocheka na waliojizuia. Justa usimsalimie, mwambie tu nipo.

Ni mimi mkweo mtiifu, mwenye haki lakini mpole,

Gidion Mihayo

N.B. Baba, barua hii niliamua kuileta mwenyewe. Haya ya mwisho nayaandika nikiwa nimekaa juu ya gunia, ndani ya mashine ya kusaga. Nimeingia kwa mlango uleule. Nilikuwa peke yangu. Mama hakuwepo, wala kikapu, na nimeinama kushoto mpaka sikio limekaribia kugusa mawe. Haikukata. Mwenye mashine alinipa spana. Tairi nimeling'oa. Barua namtanguliza nayo jamaa wa baiskeli anayepeleka unga Buswelu, pikipiki naiacha hapa, mimi nipo nyuma kwa miguu na tairi begani. Ni lako, litakutosha makatambuga ya miaka kumi. Mbuzi atakuja mzima, yale ya nusu usiyasome kwa sauti. Nimejaa unga mpaka kwenye kope, na watoto mlangoni wameshaanza kuniimbia. Naomba jambo moja tu: nikitokea hapo uani, mtu yeyote asicheke kabla ya Mama. Hiyo zamu ni yake.